Sabufa Iliyonikuta Nimestaafu

Wanangu, kifaa kikifa, msikimbilie bisibisi. Kinuseni kwanza.

Nikisema hivi vijana wa hapa Mlandege, Iringa, hunicheka, lakini pua hii imenilisha miaka yote ya utu uzima wangu. Kapasita iliyovuja inanuka kama dagaa waliosahaulika kwenye mfuko. Transfoma iliyoungua inanuka kama rangi iliyomwagikia jiko la mkaa. Aisii, kile kipuri cheusi chenye miguu mingi, ikiungua inakupalia kooni, unakohoa kabla hujaiona. Ukishazijua harufu hizo, umefika nusu ya safari na hujafungua hata skrubu moja.

Jina langu la ubatizo wanalijua wachache. Mbeya, pale Mwanjelwa nilipokuwa na kibanda changu, waliniita Mama Redio, na nilipohamia Iringa kwa mume wangu jina likanifuata kama kivuli. Nimetengeneza redio za wakulima zilizojaa mende, TV za chogo, deki za kaseti, na baadaye hizi sabufa zinazotikisa vyombo kabatini. Kuna wateja walikuwa wanafika, wananikuta nimeshika koleo, bodi iko mapajani, halafu wananiuliza, "Samahani mama, fundi yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

"Hapana, namaanisha fundi mwenyewe."

Nikachoka kubishana. Nikawa najibu kwamba fundi mwenyewe ametoka kidogo, acheni mzigo. Wakirudi wanakuta redio inaimba. "Kumbe fundi alirudi?" Naam, alirudi, akatengeneza, akaondoka tena. Wapo waliomsifia sana yule fundi asiyeonekana, na mimi nikawa nawapokelea salamu zake.

Aliyenifundisha ni Mzee Salehe. Babu yake alikuja Mbeya kutoka pwani na mizigo ya vitambaa, akaipenda baridi yetu, akabaki. Mzee Salehe mwenyewe alizaliwa Mwanjelwa, ila Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha kwao, laini kama maandazi ya asubuhi, na sisi Wanyakyusa tulikuwa tunakaa tu kumsikiliza. Muda mrefu hakuniruhusu nishike chuma cha kulehemu. Kazi yangu ilikuwa kung'oa vipuri kwenye bodi zilizokufa, kuvipanga kwenye makopo ya maziwa, na kumweleza kila kimoja kimekufaje. Nikisema, "Hii transista imeungua," ananiuliza, "Nani kaiunguza?" Nikijibu sijui, anasema, "Mwanangu, usizike maiti kabla hujamjua aliyemuua."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Siku moja nikabandika kapasita mpya kwenye redio ya mwalimu mmoja, nikaipachika kinyumenyume, chanya kwenye hasi. Nikawasha. Ikapasuka kwa kishindo, na ule utando wake wa ndani ukaruka ukatua kwenye sahani ya wali wa Mzee Salehe. Aliuangalia, akautoa kwa kijiko taratibu, akaendelea kula. "Bismillahi," akasema, "leo tumepata kitoweo." Hakunigombeza. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kuwasha kitu bila kuangalia alama ya hasi mara ya pili, na mkija nyumbani kwangu leo mtanikuta bado naiangalia.

Sasa, habari niliyotaka kuwaambia ni ya juzijuzi tu. Nilikuwa nimeshastaafu. Macho yanataka miwani, na nikishika bodi ndogo nataka miwani juu ya miwani. Vifaa vyangu vilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Nikawa nalima bustani ya mboga na kumsumbua mume wangu.

Jirani yangu Mama Anitha akaja kabla ya saa sita mchana, amebeba kitu kimefungwa kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa.

"Kamwene, mama," akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Umebeba nini?"

Akafungua. Sabufa, ile ya boksi la mbao lenye amplifaya humo humo ndani. Kioo cha mbele kina ufa, lakini boksi lenyewe lilikuwa limefutwa vumbi vizuri, linapendwa.

"Najua ulishaacha kazi, mama. Mwanzo taa ilikuwa inawaka. Ikawa inanguruma, nguuu, halafu inapiga kishindo, kimya. Fundi wa kwanza alisema tutupe. Wa pili akaifungua, ikafanya kazi jioni moja, ikazima kabisa."

Nikaifungua pale pale mlangoni. Penye fyuzi, yule wa pili alikuwa amezungushia uzi wa waya wa shaba. Wanangu, sikilizeni. Fyuzi ni mlinzi. Fyuzi ikikatika maana yake mlinzi amepiga kelele kwamba kuna mwizi ndani. Wewe ukiweka waya mahali pake, umemfunga mlinzi mdomo, mwizi umemwachia nyumba. Na safari nyingine mwizi huyo ni moto.

Nilikuwa nataka kumwambia Mama Anitha aende tu akanunue nyingine. Maneno yalikuwa mdomoni. Ndipo mwanawe wa pili, Faraja, akaingia nyuma yake.

Faraja ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimpitia akiwa mdogo, ikamwacha hai, ikaondoka na masikio yake. Ni fundi cherehani, mdada mkubwa sasa, na nusu ya nguo za Jumapili za mtaa wetu zimetoka mkononi mwake. Alinipigia goti kunisalimu, halafu akachuchumaa kwenye ile sabufa akaiwekea viganja viwili ubavuni, kama unavyompima homa mtoto. Akaniangalia.

Mama yake ndiye aliyenieleza. Jumamosi ile ilikuwa send-off ya Anitha, sherehe ya kumuaga dada mkubwa anayeolewa. Ndugu wa bibi harusi wangeingia ukumbini wakicheza, na Anitha alitaka anayewaongoza awe mdogo wake. Faraja alikuwa amejifunza nyimbo zote kwa sabufa ile, iko sakafuni, miguu peku, viganja ukutani. Mdundo ulimwingilia miguuni ukapanda hadi kifuani. Tangu ilipokufa, kwenye mazoezi alikuwa anaangalia miguu ya wenzake na kuchelewa.

"Shangazi yao amesema akae nyuma, abebe maua," Mama Anitha akasema, kwa sauti ndogo. "Amesema asije akatutia aibu mbele ya wakwe. Sasa huyu anasoma midomo, mama. Ameona yote."

Faraja alikuwa anatutazama mimi na mama yake, mmoja baada ya mwingine. Nilijua na haya anayasoma.

"Iacheni," nikasema.

Mume wangu aliporudi akakuta meza ya chakula imejaa nyaya. "Leo tutakula wapi?" akauliza.

"Popote pasipo na waya."

Akala amesimama, mlangoni. Nimebahatika kwa mwanaume huyu.

Niwaambie nilivyofanya, maana wengi wenu mnazo sabufa na wengi mnazifungua ovyo. Kwanza plagi itoke ukutani na ikae mahali unapoiona. Usimwamini anayekwambia "nimeshazima." Pili, zile kapasita kubwa mbili kama vikopo zinatunza umeme hata plagi ikiwa nje. Wapo wanaozigusisha bisibisi ili zitoe cheche, wanajiona mashujaa. Mimi naziunganisha na balbu ndogo, balbu inawaka kidogo, inafifia, inazima. Napima kwa mita kuhakikisha. Hapo ndipo kidole changu kinaingia.

Nikanusa. Kooni nikapaliwa. Aisii ya kutoa sauti, ile iliyobanwa kwenye bati la kupozea, ilikuwa na kitundu kidogo usoni, umeme ulitokea hapo. Nikaipima miguu yake: imeungana ndani kwa ndani, mguu wa chanya na mguu wa kutoa sauti ni kitu kimoja. Maiti nimempata.

Vipuri madukani vipo vingi, ila na feki nazo zipo. Feki ukiisugua maandishi kwa pamba yenye spiriti yanatoka kama poda ya bandia, na ukiishika ni nyepesi. Sikutaka kubahatisha wiki ile. Nikampigia simu Mwanaidi, binti wa Mzee Salehe, ambaye ndiye mwenye duka la baba yake sasa kule Mbeya. Mzee mwenyewe alishatangulia.

"Mama Redio! Si ulisema umestaafu?"

"Nimestaafu kufungua kibanda. Kufungua sabufa bado."

Akacheka. Alikuwa nayo moja halisi, aliing'oa kwenye sabufa kubwa iliyoletwa kutoka Makongolosi. Huko machimboni, akasema, muziki unapigwa kwa jenereta na vumbi linaingia kila tundu, spika zinachanika, maboksi yanapasuka, lakini aisii hii imetoka hai. Akaiweka kwenye kifurushi, akampa kondakta wa basi, na kesho yake nikaipokea stendi ya Iringa imefungwa kwenye soksi ya mtoto.

Nikaipachika. Nikaweka kile kipande cha maika, kijikaratasi kigumu cha kuzuia umeme, kati yake na bati, nikapaka ule uji mweupe wa kupozea, kidogo tu, kama mafuta kwenye chapati. Nikapima kama mgongo wake haugusi bati. Fyuzi halali mahali pa fyuzi. Halafu nikatoa chombo ninachokipenda kuliko vyote: balbu ya zamani, ile yenye uzi unaowaka mwekundu ndani, nimeifunga kwenye waya mmoja wa umeme unaokwenda kwenye kifaa. Hizi balbu za kisasa haziwezi kazi hiyo. Ukiwasha na balbu ikamulika kama jua, ndani kuna hitilafu bado, na balbu imeubeba umeme wote badala ya kipuri chako. Ikiwaka kidogo halafu ikafifia, mgonjwa anapumua.

Ikawaka. Ikafifia.

Nikapima pale spika inapounganishwa, maana umeme mnyoofu, ule kama wa betri, ukipita hapo unaunguza spika mara moja. Hakuna kitu, sifuri safi. Nikaunganisha spika ya majaribio kwanza, kikorokoro kutoka redio iliyokufa, kisha ndio yao. Wimbo ukatoka. Vikombe vya mume wangu vikaanza kucheza kabatini. Wanangu, sitawaficha, nilijisikia mkubwa. Nilisimama katikati ya sebule yangu nimeshika kiuno. Macho haya, vidole hivi!

Nikawaita majirani. Faraja akaja na Anitha, bibi harusi mwenyewe, ambaye tangu utoto ndiye anayemtafsiria mdogo wake kwa alama za mikono. Faraja akavua ndala, akaweka kiganja kwenye boksi. Nikasubiri atabasamu.

Hakutabasamu. Akakunja uso. Akatikisa kichwa.

"Anasemaje?" nikamuuliza Anitha.

Anitha akaangalia mikono ya mdogo wake. "Anasema sio yenyewe. Anasema inajikwaa."

"Inajikwaa wapi? Inapiga vizuri kabisa."

Nikainamisha sikio. Nilikuwa nimesikiliza spika mbovu tangu kabla hao wawili hawajazaliwa. Mdundo ulikuwa safi, mzito. Nikaongeza sauti, safi. Nikapunguza, safi. Nikaanza kukasirika kidogo, hasira ile ya fundi ambaye ameshafikiria kufunga skrubu.

Faraja akaja akanishika mkono. Hakuniomba. Akakifungua kiganja changu, akakibandika ubavuni mwa sabufa, chini kabisa, akaweka chake juu. Akafumba macho, akanionyesha na mimi nifumbe.

Mwanzo nilisikia kile nilichokijua. Dumu, dumu, dumu. Faraja akagonga kiganja changu kwa kidole kila mdundo ulipopita, na kila baada ya midundo kadhaa akakikwaruza kidogo kwa ukucha. Nikafuatisha ukucha wake. Ndipo nikakipata: mtetemo mwembamba, kama mtu anayemeza mate, unakuja nyuma ya mdundo mzito na kupotea. Masikio yangu yalikuwa hayaugusi kabisa. Mkono wake ulikuwa unauona kama mimi ninavyoona herufi.

Nikazima. Nikafungua upya. Na nikayasikia yale maneno ya Mzee Salehe, kwamba nimemzika maiti na muuaji bado yuko nyumbani, amekaa kimya, anasubiri Jumamosi.

Jinsi ya kumtafuta ni hivi. Unawasha kupitia balbu yako, unachukua kijiti kikavu cha mti, kikavu kabisa, na mkono mwingine unauweka nyuma ya mgongo. Unagongagonga bodi polepole, sehemu moja baada ya nyingine. Nikagonga karibu na transfoma, kimya. Nikagonga karibu na zile kapasita kubwa, na ile ya kulia ilipoguswa tu sauti ikakohoa. Nikachomoa plagi, nikamaliza umeme, nikageuza bodi. Kwa miwani juu ya miwani nikauona: kuzunguka mguu mmoja wa kapasita, ile risasi ya kulehemu ilikuwa na ufa mduara, mwembamba kama unywele. Gundi iliyokuwa inashikilia kapasita ilikauka ikabanduka, na sabufa yenyewe, kwa kutetemeka kwake, ikautikisa mguu mwaka baada ya mwaka mpaka ukalegea. Umeme ukawa unaingia kwa kuruka. Hiyo ndiyo iliyoua aisii ya kwanza, na ingeua ya pili.

Nikanyonya risasi ya zamani yote, nikasafisha, nikalehemu upya mpaka ikang'aa kama tone la maji. Nikaibana kapasita kwa gundi mpya. Kisha nikapita bodi nzima, kila mguu mzito, maana ufa mmoja una ndugu.

Safari hii sikusikiliza. Nilimuita Faraja, nikarudi nyuma, nikasubiri.

Akaweka kiganja. Akafumba macho. Wimbo ukapita kipande kizima. Mguu wake wa kulia ukaanza kugonga sakafu, halafu wa kushoto, na kabla sijajua kitu alikuwa anacheza kati ya meza na kabati langu, Anitha anapiga makofi, na mume wangu amesimama mlangoni na sahani yake.

Jumamosi tukaipeleka wenyewe kwenye ukumbi wa usharika. Jukwaa la pale ni la mbao, na tuliiweka juu yake, kifua cha spika kimeelekea chini. Kijana wa muziki akaniangalia kwa huruma.

"Mama, mimi nina spika kubwa kama makabati. Hiyo ya nini?"

"Zako ni za masikio," nikamwambia. "Hii ni ya miguu. Unganisha."

Akaunganisha.

Wasichana walipoingia kwa gauni zilizoshonwa na Faraja, yeye alikuwa mbele, peku. Alipopanda jukwaa niliuona mdundo ukimpata, mabega yakashuka, uso ukafunguka. Kuanzia hapo hakumwangalia mwenzake hata mmoja. Wao ndio waliomwangalia. Upande wa wakwe nilisikia mwanamke akimuuliza jirani yake ni chuo gani binti yule alisomea kucheza. Na wa kwanza kupiga vigelegele, niseme ukweli wake, alikuwa shangazi. Alilia na kupiga vigelegele kwa pamoja, wanja ukamshuka mpaka kidevuni.

Baadaye mshereheshaji akatangaza kwamba bibi harusi anamwomba Mama Redio asimame. Nikasimama. Watu wakaanza kupiga makofi, lakini Faraja, kule jukwaani, akawanyamazisha kwa ishara. Kulikuwa na meza moja ya rafiki zake aliosoma nao shule ya viziwi. Wale wakainua mikono juu, vidole vimetawanyika, wakaitikisa. Hivyo ndivyo wao wanavyopiga makofi. Anitha akainua yake. Mama Anitha akainua. Meza baada ya meza wakaelewa, mpaka ukumbi mzima ukawa kimya kabisa, mikono imejaa juu kama shamba la mahindi upepo unapopita.

Kazi yangu ilikuwa sauti, wanangu. Maisha yangu yote nimeuza sauti. Na heshima kubwa kuliko zote niliyopata katika kazi hii, haikuwa na sauti hata chembe. Nikainua mikono yangu na mimi, hii yenye makovu ya chuma cha kulehemu, nikaitikisa mpaka mabega yakaniuma.